Mama Mkwe Ndani ya Lori

Ng'ombe akilala ndani ya lori, mwinue. Hiyo ndiyo sheria ya kazi aliyoifanya Alphonce tangu akiwa kijana. Ukimwacha alale, wenzake watamkanyaga, na mkifika mnadani mtamshusha kwa kamba kama gunia. Kwa hiyo unampigia mluzi. Akikataa, unamsokota mkia. Akikataa bado, unauma mkia huo kwa meno yako mwenyewe, na hapo atasimama hata kama alishaiaga dunia.

"Meno haya," aliniambia, akayaonyesha, mapana na ya njano kidogo, "yamekula mikia mingi kuliko mchuzi."

Tulikuwa tumekaa juu ya gogo huko Izia, pale ambapo nyumba za mji wa Sumbawanga zinaishia na mahindi yanaanza. Mbele yetu ulisimama ukuta wa turubai jeusi, mrefu kuliko mtu, umezunguka kipande cha ardhi chenye ukubwa wa uwanja wa shule. Nyuma ya turubai lile walikuwapo pofu, wale swala wakubwa wa porini, ambao hatukuruhusiwa kuwaona. Tulizungumza kwa sauti ya chini, kama ndugu wanaosubiri nje ya wodi.

Nimesafiri na wanyama katika nchi kadhaa. Nimeona ngamia wakinyanyuliwa kwa winchi hadi melini, wanalia kama watoto walioachwa sokoni. Nimeona farasi wakivushwa mpaka ndani ya behewa lenye baridi, na kondoo waliopangwa ghorofa tatu kwenye lori moja. Kila mahali nilimkuta mtu anayekaa nyuma pamoja nao, na katika lugha zote ninazozisema sijapata neno la heshima kwa kazi yake. Kule Rukwa wanamwita mtu wa nyuma. Dereva ana jina, utingo ana jina. Huyu ni mtu wa nyuma tu.

Alphonce alizaliwa Mwimbi, kwenye nyumba ya Wakatoliki waliolima mahindi na ulezi. Mama yao alipofariki, alilelewa na dada yake, Justa, ambaye mpaka leo ni mwalimu wa kwaya ya kigango chao. Justa ni mwanamke mfupi mwenye mikono inayoogopwa. Akiinua kiganja, kwaya nzima inavuta pumzi. Akifunga ngumi, wimbo unakatika, na ole wake atakayebaki na silabi mdomoni. Alphonce aliimba besi chini ya ngumi hiyo kabla hajaota ndevu.

Kisha akaondoka na ng'ombe. Alikuwa akipanda nao kutoka Bonde la Rukwa, juu ya ngazi ya milima ile inayotisha, mpaka kwenye ubaridi wa nyanda za Ufipa, halafu Laela, halafu Tunduma, na wakati mwingine mbali zaidi. Alisimama katikati yao, fimbo mkononi, akiimba besi yake ya kanisani, kwa sababu ng'ombe akisikia sauti ya mtu anajua kwamba hajaachwa peke yake. Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kilibaki kwenye kamba ya fahali mmoja mbishi. Mkewe, Adela, husema kwamba mume wake hajui kulala kitandani. Anakesha akigeuka, anahisi atakanyagwa.

Miaka michache iliyopita mtu mmoja alifungua shamba la wanyamapori nje ya Mwimbi. Alianza na pofu wachache. Kwa asiyemjua, pofu ndiye swala mkubwa kuliko wote: ana nundu kama ng'ombe, ana ngozi inayoning'inia shingoni kama ng'ombe, na jike lake lina uzito wa ng'ombe aliyeshiba. Mwenye shamba alipotafuta mtu wa kuwatunza, watu wote walimwonyesha kidole Alphonce. Nani mwingine? Mnyama mwenye umbo la ng'ombe anahitaji mtu wa ng'ombe.

Kosa lilianzia hapo.

Shamba lilijaa. Pofu walizaana, majani yakaisha, madume yakaanza kuumizana. Mwenye shamba alinunua eneo la pili huku Izia, akaamua kuwahamisha kidogo kidogo. Kwenye safari ya kwanza Alphonce alisimama nyuma pamoja nao kama alivyozoea, akaimba kama alivyozoea. Jike mmoja akalala. Alphonce akampigia mluzi. Akamsokota mkia. Akauma. Jike akasimama kwa kishindo, akajigonga ubaoni, akatetemeka njia nzima mpaka Izia, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Baada ya siku chache akawa hawezi kuinuka, mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, na kabla ya Jumapili akafa.

Daktari wa mifugo wa shamba ni binti anayeitwa Faith, mtulivu, ambaye husema jambo mara moja tu. Alimpasua yule jike mbele ya Alphonce, akamwonyesha nyama ya mapaja: ilikuwa imepauka, kama nyama iliyokwisha kuchemshwa.

"Ni hofu, baba," akamwambia. "Mnyama wa porini akiogopa sana na hana pa kukimbilia, misuli yake inajiunguza yenyewe kwa ndani. Unaweza usimwone akiumwa. Anafika salama, anakula, halafu anaanguka."

"Lakini mimi nilimwinua ili asikanyagwe."

"Najua. Alilala kupumzika. Wewe ulimwinua kwa kumsaidia, na msaada ndio uliomuua. Kwake yeye sauti yako ni sauti ya simba."

Alphonce aliniambia kwamba maneno hayo yalimkaa kifuani kama tonge la ugali lililokataa kushuka. Sauti ambayo Justa aliifundisha, sauti iliyotuliza ng'ombe wasiohesabika, ilikuwa ya simba.

Faith aliandaa safari nyingine kwa namna tofauti. Bodi ya lori ilifunikwa yote kwa turubai jeusi, kwa kuwa pofu gizani hutulia. Pembe zilivishwa vipande vya mpira wa maji wasichomane. Chini kulimwagwa mchanga na nyasi wasiteleze. Kila mnyama alidungwa sindano ya kumpunguzia wasiwasi. Mbele kabisa ya bodi, nyuma ya kichwa cha gari, seremala alitengeneza kizimba chembamba cha mbao, cha mtu mmoja aliyekaa, chenye tundu la kuchungulia upande wa wanyama na mwanya wa hewa upande wa nje. Mlango wake ulifungwa kwa komeo la nje, kwa sababu komeo la ndani lilikuwa likigongagonga barabarani. Ndani ya kizimba kile angekaa Alphonce. Simu hairuhusiwi, isije ikaita. Kutoka kizimbani ilipita kamba nyembamba mpaka kwa dereva, ikafungwa kwenye mkono wake. Kuvuta mara moja, simama. Kuvuta mara mbili, punguza mwendo.

"Kama chumba cha kitubio," alisema Alphonce alipokiona.

"Basi na wewe fanya kama padre," akajibu Faith. "Sikiliza tu. Usiwaguse, usiwasemeshe, usiwaangalie machoni. Akilala, mwache."

Alphonce akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu yule jike afe. "Usimguse, usimsemeshe, usimwangalie machoni. Daktari, mbona hiyo naijua? Huyo ni mama mkwe."

Ndivyo alivyofundishwa na wazee wake, na ndivyo alivyoishi na mama yake Adela mpaka mama huyo alipozikwa: ukikutana naye njiani unakaa pembeni, unatazama chini, unampa njia. Basi yule jike mkubwa kuliko wote, mwenye mimba, aliyekuwa akiongoza wenzake pale shambani, Alphonce akampa jina hilo. Mama Mkwe.

Na jambo lililokuwa mezani lilikuwa wazi kwa kila mtu. Mwenye shamba alikuwa amesema mbele yao wote: hii ndiyo mara ya mwisho kujaribu. Kundi hili likifa, hatahamisha tena. Waliobaki Mwimbi watachinjwa, kwa sababu hawawezi kuendelea kubanana pale wakila udongo. Ndani ya lori mliwekwa majike watano. Nyuma, kwenye uzio, walibaki wengi, pamoja na ndama ambao Alphonce aliwaona wakizaliwa.

Waliondoka alfajiri, mwezi wa Machi, mvua za mwisho zikiwa bado hazijaamua kuondoka. Faith alitangulia na gari dogo kwenda kuandaa mapokezi Izia. Dereva alikuwa Nestory, mwenyeji wa Tunduma, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, ambaye siku hiyo alikuwa amenyang'anywa mambo mawili anayoyapenda: redio na honi.

Kizimbani Alphonce aliona giza, kisha baada ya muda aliona giza lenye migongo. Alisikia pumzi. Alisikia pia kitu ambacho ng'ombe hawana: pofu akihamisha uzito, magoti yake hulia, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti vikavu. Aliwajua kwa vijiti hivyo. Mama Mkwe alikuwa na mlio mzito, wa taratibu, karibu kabisa na tundu lake. Magoti ya Alphonce mwenyewe yaligusa mbao mbele, mgongo uligusa mbao nyuma. Akitaka kukohoa alimeza kikohozi.

Kabla ya Matai, pale ambapo barabara ya vumbi huwa barabara ya tope, tairi za nyuma ziliteleza, zikazama. Nestory akajaribu kwenda mbele, akajaribu kurudi. Lori likakaa upande mmoja kama kuku anayetaka kutaga. Ndani, migongo yote ikaegemea kushoto, mbao zikalia, kisha kukawa kimya. Alphonce akasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na kamba mkononi mwake ikalegea. Nestory alikuwa ameshuka. Upande wa pili wa kamba hapakuwa na mtu.

Nestory alinieleza mwenyewe alichokiona. Ubaridi wa asubuhi ulikuwa umeisha, jua limetoka wazi. Lori likitembea, upepo hupita chini ya turubai; likisimama, bodi ile nyeusi inageuka tanuri. Alijua hana muda. Alikata matawi, akayaweka chini ya tairi, akajaribu tena, akazama zaidi. Ndipo alipoona watu wanakuja.

Walikuwa wengi, wanawake na wanaume, wametoka mazoezi ya kwaya ya Pasaka, wengine bado wameshika viatu mkononi kwa ajili ya tope. Na watu wa Ufipa hawalipiti gari lililokwama, kama vile hawapiti msibani bila kusalimia. Kwanza wakamwamkia dereva, wakamuuliza habari za atokako, za nyumbani, za safari, za mvua za kwao. Nestory akajibu zote, jasho likimtoka.

"Umebeba nini, kaka?" aliuliza kijana mmoja anayeitwa Eustaki, akiwa tayari ameshavua shati.

"Mifugo. Ila jamani, naomba tusukume polepole, bila kelele."

"Bila kelele?" Mzee mmoja akacheka. "Fuso hii isukumwe bila wimbo? Mwanangu, umeona wapi?"

"Ni wanyama wa shamba, wanaogopa sauti."

"Ng'ombe wa kwenu Tunduma wana masikio ya kizungu," akasema Eustaki, na watu wote wakaangua kicheko. "Sisi tutawaimbia watulie!"

Nestory angeweza kubishana. Alilitazama jua, akaitazama bodi nyeusi, akaamua kwamba heri kelele za muda mfupi kuliko tanuri la mchana kutwa. Akarudi kwenye usukani. Akawasha gari.

Ndani, Alphonce alikuwa amesikia kila neno. Na juu ya sauti zote alikuwa ameitambua moja, nyembamba, yenye amri: "Besi mkae kwenye tairi la kulia! Soprano nyuma! Msisukume kabla sijaanza!" Dada yake.

Kisha wimbo ukaanza.

Mimi nimewasikia wakiimba, siku nyingine. Ni kwaya ambayo ukuta wa kanisa hauitoshi. Siku ile waliimba mikono yao yote ikiwa juu ya ubao wa lori, na ubao ulikuwa ngoma. Kila mkupuo wa pamoja ulipiga bodi, na bodi ikaupeleka ndani. Alphonce aliona migongo ikirushwa juu. Kwato zilipiga mbao. Mmoja alijaribu kugeuka mahali pasipo na nafasi ya kugeuka. Vijiti vya magoti vilivunjika vyote kwa pamoja. Harufu ikabadilika, anasema hofu ya mnyama ina harufu ya chuma kilicholowa. Halafu mlio ule mzito, wa karibu na tundu lake, ukasikika mara moja, ta, na kufuatiwa na kishindo laini.

Mama Mkwe alikuwa amelala.

Meno ya Alphonce yalibana yenyewe. Miaka yote ya kazi yake ilisimama ndani ya kizimba kile ikamwambia: mwinue. Mwenzake anarukaruka juu yake, atamkanyaga, ana mimba. Tundu lilikuwa mbele ya uso wake. Mkia ulikuwa pale, karibu kabisa. Mluzi ulikuwa umeshajaa mdomoni.

"Ukaufanyaje?" nilimuuliza.

"Nikaumeza. Nani anamsokota mama mkwe mkia?"

Lakini nje wimbo ulikuwa unapanda. Angewakatazaje? Akipaza sauti awafikie watu wa nje, lazima ipite kwanza kwa wa ndani. Akigonga mbao, ni ngoma nyingine. Komeo liko nje. Kamba ameshika, ila gari linaunguruma na Nestory anadhani kila mtikisiko wa kamba ni wa gari. Alikuwa na mwanya wa hewa tu, juu ya kichwa chake, upana wa kiganja.

Akautoa mkono.

Soprano mmoja aliuona, mkono wa mtu unaotoka katika ubavu wa lori lililofunikwa gubigubi, akapiga ukelele. Kule wanaelewa jambo hilo kwa namna moja tu. Mpaka wa Zambia uko jirani, na kila mmoja amesikia habari za malori yaliyokutwa na watu wamebanwa ndani kama dagaa, wengine wakiwa wamekata roho.

"Kuna watu humu!" akapaza sauti Eustaki. "Wahamiaji! Jamani, wanakosa hewa! Fungueni!"

Wimbo ukavurugika, ukawa makelele. Watu wakakimbilia nyuma ya lori. Wengine wakaanza kuvuta kamba za turubai. Nestory akaruka kutoka kwenye usukani, akapanua mikono mbele ya mlango wa bodi. "Msifungue! Nawaombeni, msifungue!" Hapo ndipo alipojiharibia kabisa, kwa maana mtu anayekataza lori lisifunguliwe ana nini cha kuficha? Mzee aliyecheka mwanzo akamshika ukosi.

Alphonce alisikia kamba ya turubai ikilegea. Uzi mwembamba wa mwanga ukaingia kutoka nyuma, ukaanguka juu ya jicho la pofu mmoja, jicho limetoka, weupe mtupu. Pakifunguliwa tu, watatoka wote kupitia juu ya Mama Mkwe, na kupitia juu ya watu. Mkono wake ulikuwa bado nje. Alikuwa akiupunga, na kila alivyoupunga ndivyo walivyozidi kupiga kelele. Mkono unaopunga huomba msaada katika lugha zote.

Basi akaacha kupunga. Akaunyoosha. Kiganja wazi, juu, vidole vimetulia, kama kiganja cha mtu anayeiambia kwaya ivute pumzi. Akahesabu moyoni pigo moja. Kisha akafunga ngumi.

Wanakwaya waliokuwa upande ule walinyamaza kabla hawajajua kwa nini wamenyamaza. Ngumi imewalea. Mwalimu wao, Justa, alikuwa akija mbio kutoka upande wa pili, akawakuta wamesimama midomo wazi, akafuata macho yao mpaka kwenye mwanya. Mkono ukafunguka tena, ukafunga tena. Pale katikati palikuwa na pengo la kidole.

"Huyo ni Alphonce wangu," Justa akasema, kwa sauti ya kawaida. Kisha akageuka, akainua mkono wake mwenyewe juu ya vichwa vya watu wote, akafunga.

Nestory anasema hajawahi kusikia kimya cha namna ile mchana. Hata mzee aliachia ukosi.

Justa akakaribia mwanya. Aligusa ngumi ya mdogo wake kwa vidole viwili. Alphonce akageuza kiganja chini, akakishusha polepole, akakishusha tena: chini, chini zaidi. Katika kwaya yao ishara hiyo ni ya wimbo wa Ijumaa Kuu, wakati kengele za kanisa hazipigwi na watu wanapita mbele ya msalaba kwa kunyata. Justa akaelewa. Akawanong'oneza wale wa karibu, na hao wakawanong'oneza wengine: "Ijumaa Kuu. Sukumeni kama Ijumaa Kuu."

Kamba ya turubai ikafungwa tena, uzi wa mwanga ukafa. Nestory akarudi kwenye gari, akakanyaga mafuta kwa unyayo wa mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala. Justa alisimama kwenye tope mahali ambapo kila mtu angemwona, viatu vimezama, na akawaongoza kwa mikono mitupu. Kiganja juu: vuta pumzi. Kiganja mbele: sukuma. Ngumi: acha. Kilichosikika kilikuwa pumzi za watu na tope linalonyonya tairi. Mara ya kwanza halikutoka. Wala ya pili. Eustaki, ambaye aliteleza akaanguka kifudifudi, aliinuka na uso wa tope bila hata kuguna, na hakuna aliyecheka, ingawa mabega ya soprano yalikuwa yanatikisika.

Ndani Alphonce alisikia lori likinyanyuka. Likakaa sawa. Likatembea. Upepo ukaanza kupita. Akarudisha mkono ndani ukiwa umepauka, akaukalia ili upate joto.

Mama Mkwe hakuinuka. Njia yote ya lami kutoka Matai hadi Sumbawanga alibaki chini, kando ya tundu, na Alphonce hakuweza kujua kama amelala au ameanguka, kama ndama tumboni yupo au hayupo. Alichojua ni kwamba hairuhusiwi kumuuliza.

Izia walirudisha lori mpaka kwenye tuta la udongo lililoinuliwa usawa wa bodi. Faith akafungua mlango wa nyuma kwa kamba ndefu akiwa mbali, kisha akawapeleka watu wote nyuma ya turubai. Pofu watoke wenyewe, kwa muda wao. Wanne wakatoka, vijiti vyao vikivunjika kuteremka tuta, vikapotelea kwenye majani.

Wa tano akabaki. Na kizimbani akabaki Alphonce, kwani kufungua komeo lake ni kulipiga chuma karibu na kichwa cha mnyama. Mlango mmoja ulikuwa wazi, mwingine umefungwa, na wote wawili waliokuwa ndani hawakutoka. Jua liliteremka. Miguu yake ilikufa ganzi. Haja ndogo ilimbana mpaka machozi yakamlenga. Mara mbili mluzi ulimrudia mdomoni, na mara mbili aliumeza. Alianza kuamini kwamba amekaa na maiti.

Halafu akasikia sauti ndogo, ya unyevu, ya taya. Ikanyamaza. Ikarudi. Kutoka upande hadi upande, bila haraka, kama bibi anayetafuna asiyejua anatazamwa.

Alikuwa anacheua.

Mtu yeyote wa ng'ombe anajua maana yake. Mnyama mwenye hofu hacheui. Alphonce aliweka paji la uso kwenye mbao akasikiliza kitu ambacho katika kazi yake yote hakuwahi kukipa nafasi, kwa sababu sikuzote alikuwa anaimba. Mama Mkwe alimaliza shughuli yake, akapumua kwa nguvu, akajiinua mwenyewe, nyuma kwanza kisha mbele. Ta. Ta. Akashuka tuta.

Komeo la kizimba hakulifungua mtu mpaka giza lilipoanza kuingia. Faith na Nestory, kila mmoja alidhani mwenzake ameshamfungulia, wakamtafuta mpaka kwenye kibanda cha chai.

"Mbona hukuita, mzee?" Nestory alimuuliza, akimshika asianguke.

"Ningeita vipi? Mama mkwe yuko uwanjani."

Hayo alinisimulia pale kwenye gogo, na bado hayakuwa yamekwisha. Faith alikuwa amesema hofu ya njiani inaweza kudai deni lake hata baada ya siku kadhaa, na siku hizo zilikuwa hazijapita. Kila asubuhi aliingia peke yake kupitia upenyo wa turubai, akatazama nyasi palipokojolewa, akatoka akisema, "Bado ni mzuri," au hasemi neno. Kule Mwimbi mwenye shamba alikuwa akisubiri ajue aandae lori au visu. Alphonce hakuwa ameenda nyumbani. Adela alimtumia blanketi kwa basi.

Wakati tunaongea, nyuma ya turubai jeusi vijiti vilianza kuvunjika, vizito, vya taratibu, vikatusogelea. Vikasimama mbele yetu kabisa. Upande ule pia kulikuwa na kusikiliza. Nilitaka kuuliza jambo, Alphonce akafunga ngumi yake yenye pengo, nami nikanyamaza.

Kisha akavua kofia, akainuka kwenye gogo kwa uangalifu, akasogea pembeni akitazama chini, akampa njia.